Joka Kuwa Kipando cha Mungu: Sentensi Moja na Mitego Yake

Safari hii ukurasa wetu hauleti orodha ndefu ya istilahi kama ulivyozoea kufanya. Unaleta sentensi moja tu, iliyotufikia mezani kutoka kwa mfasiri aliyepewa kazi ya kutia katika Kiswahili maneno ya mchezo wa kompyuta, katika ile michezo ambayo vijana wetu huiita gemu. Mchezo wenyewe umejengwa juu ya visa vya kale vya watu wa Skandinavia. Wamo miungu wa Kaskazini, wamo majitu, wamo vibete wafua vyuma, na upo mti mkubwa unaoushikilia ulimwengu. Humo mungu mmoja hukaa mgongoni mwa kiumbe mwenye magamba, mabawa na pumzi ya moto, akaenda naye vitani. Mfasiri aliandika: "Joka huyu amepandwa na mungu." Chini ya ukurasa aliongeza kwamba kila aliyesomewa sentensi hiyo aliielewa vingine, na kwamba zilimbakia siku tisa kabla ya kurudisha kazi. Mwenye mchezo alikwisha kumwonya kuwa maneno yasipoeleweka kwa wajaribu, Kiswahili kitaondolewa katika orodha ya lugha za mchezo huo.

Tulidhani tungemjibu kwa mistari miwili. Haikuwa hivyo, na kwa kuwa mambo yaliyojitokeza yanawahusu wafasiri wengine, walimu, na hata maofisa wanaoandika maelezo yanayosomwa kwenye skrini za kompyuta na simu, tumeona heri tuyaeleze hapa kwa urefu. Huenda msomaji akauliza kama inafaa chombo cha lugha kushughulika na vitu vya kuchezea. Twajibu kwamba mtoto anayekaa saa mbili kwa siku mbele ya mchezo husoma humo maneno mengi kuliko anayoyasoma katika kitabu cha darasani, naye huyasoma kwa hamu. Yakiwa mabovu, mwalimu atayakuta yamekwisha kukaa kinywani.

Tuanze na kitenzi, kwa kuwa ndicho kilicholeta zogo. Kitenzi -panda kina kazi nyingi katika Kiswahili. Mkulima hupanda mbegu, msafiri hupanda basi, mkwezi hupanda mnazi, bei hupanda, na homa nayo hupanda. Dume la mnyama humpanda jike, na mwalimu yeyote aliyesimama mbele ya darasa la vijana anajua vicheko vinavyoweza kufuata. Lakini mtego mkubwa umo katika kauli ya kutendwa. Ukisema kwamba fulani amepandwa, msikilizaji hangoji kutajiwa farasi wala punda. Hungoja kutajiwa pepo. Twasema mtu amepandwa na pepo, amepandwa na mashetani, amepandwa na hasira, amepandwa na mori. Katika ngoma za pepo za pwani, yule aliyepandwa huitwa kiti, maana pepo amekaa juu yake na ndiye anenaye kwa kinywa chake. Kwa hiyo sentensi ya mfasiri wetu, ikisomwa Tanga au Unguja, haimwonyeshi mungu aliyeketi juu ya tandiko. Yamwonyesha joka aliyeingiwa na mungu, atetemekaye na kusema kwa sauti isiyo yake. Ni picha ya kupendeza, pengine kupita ile ya mchezo, lakini siyo iliyokusudiwa.

Mfasiri alipoonywa juu ya hilo, aliikimbia kauli ya kutendwa akaandika: "Huyu ni joka anayempanda mungu." Hapo alitoka motoni akaingia majini. Wasomaji wetu wanajua kwamba katika lugha yetu kirejeshi cha mtenda na kirejeshi cha mtendwa hufanana pale nomino zote mbili zinapokuwa za umoja na za viumbe wenye uhai. "Mtoto anayempenda mama" aweza kuwa mtoto mwenye mapenzi kwa mama yake, na aweza pia kuwa yule ambaye mama humpenda kuliko wenziwe. Katika mazungumzo ya kawaida akili ya msikilizaji huchagua maana iliyo karibu. Katika ulimwengu wa mchezo ambamo majoka husema na miungu hugeuka wanyama, akili haina la kushika. Mmoja wa wasomaji wake alidhani kwa dhati kwamba joka ndiye aliyekaa mgongoni. Tungeweza kushauri "joka ambaye mungu humpanda", na kisarufi hakuna kosa. Lakini sentensi imekuwa ndefu, na kwenye skrini nafasi iliyotolewa kwa maelezo ya mnyama ilikuwa ya herufi thelathini.

Ndiyo maana tulirudi kwenye nomino. Kutokana na -pima tuna kipimo, kutokana na -ziba tuna kizibo, na kutokana na -funga tuna kifungo. Kwa utaratibu huo huo -panda hutoa kipando, yaani kile kinachopandwa ili kumchukua mtu, kiwe mnyama au chombo. Si neno tulilolibuni sisi. Limo katika lugha, ila limelala, kwa sababu watu wetu wengi hupanda magari na magari yana majina yake. Lisichanganywe na kipandio, ambacho ni mahali pa kuwekea mguu wakati wa kupanda, kama kile cha ngazi. Tukisema "Joka huyu ni kipando cha mungu", yule aliye juu anajulikana, yule aliye chini anajulikana, na pepo hana mlango wa kuingilia.

Faida ya pili ya kipando tuliigundua baadaye, tena kwa bahati. Katika michezo ya namna hii sentensi nyingi haziandikwi nzima. Programu huwa na kiunzi cha sentensi chenye nafasi tupu, kisha jina la mnyama, silaha au mtu hutumbukizwa humo kadiri mchezo unavyokwenda. Kwa Kiingereza mambo huenda bila taabu nyingi. Kwa lugha yetu, ambayo kila neno katika sentensi humtazama mkubwa wake na kumfuata, kiunzi cha aina hiyo ni sawa na nguo moja kushonewa watu wa vimo vyote. Mfasiri alikuwa ameandika "… yako imechoka", na majaribio yakatoa "Farasi yako imechoka", "Mbuzi yako imechoka", na baya zaidi, "Joka yako imechoka". Tulipoweka "Kipando chako kimechoka" mahali pote, upatanisho ulitengemaa bila kujali nani anapandwa. Ukatengemaa hata kwa merikebu Skidbladnir ya mungu Freyr, ambayo visa husema kwamba yaweza kukunjwa kama kitambaa na kutiwa mfukoni.

Hapa mwenzetu mmoja alileta pingamizi ambalo walimu nao wataliuliza. Ikiwa kiboko, kifaru na kiongozi huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai, kwa nini tusiseme "kipando wako amechoka"? Tulijadiliana asubuhi nzima. Maoni yetu ni kwamba kiboko ni jina la mnyama, ilhali kipando ni jina la kazi anayoifanya. Kuku akikimbia uani twasema kuku wetu amekimbia. Lakini yule aliyekwisha kumhesabu kwa ajili ya wageni wa jioni atasema kwa uchungu kwamba kitoweo chetu kimekimbia, wala hakuna atakayemsahihisha. Basi anapoitwa kwa kazi yake, cha- na ki- vinafaa. Anapoitwa kwa jina lake, arudishiwe uhai wake.

Sasa tumfikie mnyama mwenyewe. Je, ni joka, au ni dragoni? Mfasiri alikuwa ametumia joka ukurasa wa kwanza, dragoni ukurasa wa nne, na "nyoka mwenye mabawa" ukurasa wa saba, na wajaribu wake walihesabu wanyama watatu.

Joka, kama ajuavyo kila mwalimu, ni nyoka aliyekuzwa. Sauti ya mwanzo huondolewa na kiambishi cha ukubwa kikashika nafasi yake, kama vile nyumba inavyokuwa jumba na mtu anavyokuwa jitu. Wapinzani wa neno hili husema kwamba joka halina miguu, halina mabawa, halitoi moto. Mtoto akiambiwa kwamba mungu alipanda joka atawaza chatu, na kujiuliza mungu huyo alikaaje asiteleze. Hoja hii ina nguvu kwa mtu anayetazama picha za leo. Hupungua nguvu mara tunapokwenda kwa wenyewe waliosimulia visa hivyo.

Katika lugha ya kale ya Skandinavia kulikuwa na maneno mawili. La kwanza ni ormr, ambalo maana yake ni nyoka tu, hata mnyoo. La pili ni dreki, nalo halikuzaliwa kwao: lilitoka katika Kilatini, ambacho nacho kilikuwa kimelipata kutoka Kigiriki. Kiumbe mkubwa kuliko wote wa jamii hii, Jormungandr, mwana wa Loki, aliyeizunguka dunia baharini hata akajiuma mkia, huitwa huko ormr wa Midgard, yaani nyoka wa dunia ya wanadamu. Fafnir, aliyejigeuza ili alalie dhahabu, naye huitwa ormr mara nyingi, na kutoka kinywani mwake hutoka sumu, si moto. Nidhogg hutafuna mzizi wa mti mkuu Yggdrasil akiwa pamoja na nyoka wengine; lakini katika ubeti wa mwisho wa utenzi uitwao Völuspá huitwa dreki, naye hapo huruka akiwa na maiti katika mabawa yake. Hata merikebu za vita zilizochongwa kichwa cha mnyama huyu mbele ziliitwa kwa neno hilo la mkopo, ingawa ile mashuhuri ya Mfalme Olaf Tryggvason wa Norwei, aliyeangamia vitani karibu na mwaka 1000, iliitwa kwa neno la kienyeji: Nyoka Mrefu.

Maana yake ni nini kwetu? Ni kwamba nyoka aliyekuzwa yu karibu zaidi na asili ya visa vile kuliko mnyama wa miguu minne anayechorwa siku hizi. Anayeandika joka kwa Fafnir hakosei. Amefika nyumbani kwa Fafnir kabla ya Mwingereza. Tena lugha yetu ilikwisha kumweka joka katika kazi ile ile ya kulinda. Methali yasema: "Joka la mdimu hulinda watundao." Bahili hukaa juu ya mali asiyoila, na mwisho wake huchumwa na wengine. Fafnir aliilalia dhahabu yake. Kijana Sigurd akachimba shimo katika njia yake, akajificha humo, akamchoma kwa chini alipopita, na dhahabu ikapata mwenyewe mwingine. Mfasiri atakayeandika dragoni katika kisa hiki atalazimika kueleza kwa maneno mengi yale ambayo neno joka huyaleta bure.

Dragoni halina aibu, na tusilifukuze kwa sababu tu ya ugeni wake. Waisilandi, ambao lugha yao ya leo ndiyo iliyo karibu zaidi na ile ya visa, wanasifiwa ulimwenguni kwa kuunda maneno kutokana na mizizi yao wenyewe. Kompyuta, kwa mfano, katika miaka ya 1960 waliiita tölva, kwa kuunganisha neno lao la hesabu na jina la mwaguzi wa kike wa zamani, yule yule anenaye katika Völuspá. Ni jirani wa tarakilishi yetu, ambayo ndani yake msikilizaji husikia tarakimu. Lakini watu hao hao, mababu zao walipokutana na mnyama wa mabawa katika vitabu vya Kilatini, walimkopa pamoja na jina lake na hawakufa kwa kukopa.

Shauri letu, basi, ni joka kwa viumbe wote wa visa vya Kaskazini, pamoja na kipando cha mungu katika mchezo huu. Anapotajwa mara ya kwanza aongezewe "mwenye mabawa", kisha msomaji aachiwe picha ifanye kazi yake. Waingereza wana jina moja kwa mwenye miguu minne na jingine kwa mwenye miguu miwili, na wataalamu wa nembo hulishikilia sana jambo hilo. Michezo yenyewe hailijali: majoka wa Skyrim, mchezo maarufu wa mwaka 2011, wana miguu miwili na mabawa, na bado huitwa kwa jina la jumla. Hatuoni haja ya neno la pili.

Wako waliotuandikia kwamba joka katika Biblia ya Kiswahili, kitabu cha Ufunuo, ni Shetani, na kwamba si vema mtoto amsome Shetani amebeba mungu. Twaiheshimu hofu hiyo. Lakini watafsiri wa Biblia walilichukua neno hili kwa wavuvi na wakulima, na kwa wavuvi na wakulima bado lipo. Neno moja laweza kutumwa safari mbili. Tunachoweza kujifunza kwa watafsiri wale ni upatanisho: wao humwita "yule joka", kiumbe mwenye nia, wakati methali yetu husema "joka la mdimu". Namna zote mbili ni Kiswahili safi. Kwa maoni yetu, mnyama mkali anayetokea pangoni ili auawe anaweza kuachiwa la- na li-, kwa kuwa upatanisho huo humfanya kitu cha kutisha. Ila yule anayemjua bwana wake, akaitwa akaja, anastahili wa- na a-. Mchezaji hataona tofauti hiyo kwa macho, bali ataihisi.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo joka hushindwa kabisa, na hapo sisi wenyewe ndio tuliokosea. Miaka kadhaa iliyopita tulipitisha katika orodha yetu kwamba mnyama huyu aitwe joka popote atakapopatikana, awe wa Ulaya au wa Uchina. Ikaja tarehe 10 Februari 2024, mwaka wa mnyama huyo katika kalenda ya Kichina ulipoanza, na baada yake, tarehe 29 Januari 2025, ukafuata mwaka wa nyoka. Mwalimu mmoja aliyetumia orodha yetu kutengeneza kalenda ya darasa alituandikia kwamba wanafunzi wake wanauliza kwa nini Wachina wana nyoka miaka miwili mfululizo, na kwa nini wa pili amekonda. Hatukuwa na jibu. Mnyama wa Kichina huleta mvua na alikuwa alama ya wafalme. Si nyoka, si adui, wala hakai juu ya dhahabu ya mtu. Mstari ule tuliufuta, na kwa huyo tunapendekeza dragoni. Tukiwa hapo tulimwondoa pia yule mjusi mkubwa wa kisiwa cha Komodo, ambaye mtu fulani alikuwa amempa ujoka kwa kufuata jina lake la Kiingereza. Huyo ni kenge. Kila aliyefuga kuku anamjua ndugu yake.

Maadamu tumeitaja Skyrim, tuseme neno juu ya jina la shujaa wake. Mchezo huo hautumii miungu wa Skandinavia kwa majina yao, ila hali ya nchi, watu wake na makao ya mashujaa waliokufa vimechotwa katika kisima hicho. Humo joka aitwaye Odahviing humbeba shujaa hadi kwenye mlango wa makao hayo, na katika nyongeza iliyotolewa mwaka 2012 mchezaji aweza kuwatiisha majoka na kuwapanda. Shujaa huyo ana mwili wa mtu na roho ya joka, na cheo chake kwa Kiingereza humtaja kuwa aliyezaliwa na ujoka. Tumeona mahali ameitwa "mwana wa joka". Mfasiri huyo amesahau kwamba kwetu mwana wa nyoka ni nyoka, na msemo huo haukutungwa kwa ajili ya kusifu. "Mwenye Roho ya Joka" ni jina refu kidogo, lakini halimtukani.

Mfasiri wetu aliuliza swali jingine ambalo hatukulitarajia: je, ni kweli kwamba miungu wa Kaskazini walipanda majoka? Jibu ni kwamba katika vitabu vya kale, kikiwamo kile kilichoandikwa na Snorri Sturluson wa Iceland yapata mwaka 1220, hatumkuti hata mmoja. Odin hupanda Sleipnir, farasi wa kijivu mwenye miguu minane, aliyezaliwa na Loki alipokuwa amejigeuza farasi jike. Gari la Thor huvutwa na mbuzi wawili, ambao yeye huwachinja jioni akawala na asubuhi akawafufua. Gari la Freyja huvutwa na paka. Freyr ana nguruwe mwenye manyoya ya dhahabu yanayong'aa gizani. Baina ya Thor na nyoka wa Midgard hakuna tandiko bali uadui mtupu, na mwisho wa dunia watauana. Joka kuwa kipando ni uzushi wa watunga michezo, na si uzushi mbaya. Lakini kazi ya mfasiri ni kuutafsiri kama ulivyo, wala si kumteremsha mungu kutoka kwa joka na kumkalisha juu ya farasi wa miguu minane. Mwenye kutunga kitabu cha shule juu ya visa vya Kaskazini ndiye anayepaswa kuwa macho, asije akauchukua mchezo kuwa ushahidi.

Juu ya neno mungu tutasema machache. Herufi ndogo humtenga Odin na Mwenyezi Mungu, lakini ulinzi huo hupotea mara mbili: neno linapoanza sentensi, na pale maandishi ya skrini yanapokuwa yote ya herufi kubwa, kama yalivyo mara nyingi katika michezo. "MUNGU AMESHUKA" yaweza kumshtua mzazi anayepita nyuma ya mtoto wake. Dawa ni kutumia jina la mhusika kila inapowezekana. Na katika wingi, ambapo wengine huandika "miungu yao ilisema", sisi twapendelea "miungu wao walisema" katika visa ambamo hao hula, hugombana na hupanda wanyama.

Yalibaki maneno ya vitufe, na hapa ndipo siku mbili za mfasiri zilipokwenda. Kwa Kiswahili mtu huruka mtaro na ndege huruka angani, nao ni ruka ule ule. Mchezaji mwenye kitufe cha kuruka mtaro na kitufe cha kuruka angani hawezi kupewa vyote viwili vyenye jina moja. Tulishauri Ruka kwa mtu aliye chini, Paa kwa joka anapoiacha ardhi, na Tua anaporudi. Vivyo hivyo na shuka. Mtu hushuka kwenye kipando chake, na ndege hushuka kutoka juu. Katika majaribio ya kwanza mchezaji aliyetaka joka lake lipunguze urefu kutoka ardhini alibonyeza Shuka, akashuka yeye peke yake. Kwa joka sasa ni Teremka. Kitufe cha kupandia, ambacho mfasiri mwingine, aliyepewa orodha ya maneno matupu bila picha, alikuwa amekiandika "Mlima", kimerudishwa kuwa Panda. Hatumlaumu. Neno la Kiingereza lililoandikwa pale lina maana zote mbili, na aliyemkabidhi orodha bila kumwonyesha mchezo ndiye aliyempeleka mlimani.

Vyombo vya kumwandalia mnyama havikutusumbua, kwa kuwa lugha ilikuwa navyo tangu zamani: tandiko la mgongoni, lijamu ya kinywani, hatamu ya kuongozea, na kikuku cha kuwekea mguu. Kati ya hayo hatamu ndilo lenye bahati ya ajabu. Nchi nyingi za kwetu hazikuwa na farasi wengi, kwa sababu ya mbung'o, lakini neno hilo lilishikwa na siasa hata likajulikana kila kijiji. Watu wanaosema juu ya kushika hatamu za uongozi ni wengi kuliko walioona hatamu kwa macho yao. Mjaribu mmoja kijana alishangaa kuikuta katika mchezo, akauliza joka anagombea cheo gani.

Katika kisa cha mazishi ya Baldr, Snorri anasimulia juu ya jitu wa kike, Hyrrokkin, aliyeitwa kuisukuma merikebu majini baada ya miungu kushindwa. Alifika akiwa amepanda mbwa mwitu, na hatamu zake zilikuwa nyoka wenye sumu. Kipando hicho Odin alikikabidhi kwa wapiganaji wake wanne wakishike, nao hawakuweza mpaka walipokiangusha chini. Wapiganaji hao ni wale wa aina iitwayo berserkir, ambao vitani huingiwa na kichaa cha ushujaa wakauma ngao zao. Mfasiri aliuliza awaiteje, nasi hatukusita: hao ni watu waliopandwa na mori.